Mume wangu anasema mwanamke wa kwenye picha ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usiandike jina langu. Nina miaka 36, naishi Mbagala, ni fundi cherehani. Mume wangu anauza spea eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam. Tuna miaka 11 ya ndoa na watoto wawili. Nakuandikia kwa kalamu, usiku, kwenye karatasi za daftari la oda, kwa sababu simu yangu anaishika yeye kuliko ninavyoishika mimi.

Yalianza na vitu vidogo. Mwaka jana mwezi wa tatu funguo za kabati zilipotea. Miaka nenda rudi naziweka kwenye kopo la vifungo, pembeni ya cherehani. Nilitafuta siku mbili. Siku ya tatu mume wangu akazitoa kwenye friji, chini ya mfuko wa dagaa, akacheka: "Mama watoto, unazeeka." Nikacheka na mimi.

Baada ya funguo ikaja pesa. Naweka elfu arobaini ya mteja kwenye pochi, naikuta elfu ishirini, naambiwa nilimpa muuza maji. Nikisema tulikubaliana kwenda msibani Jumamosi, ananitazama kwa huruma: "Tulisema Jumapili." Hagombi, Shangazi. Angekuwa anagomba ningejua pa kushika. Ananiwekea mkono begani, ananiambia hili tatizo tutapambana nalo pamoja. Tatizo gani sikujua, lakini likawa na jina kabisa, "lile tatizo la mama watoto". Akamwambia mama yangu. Akawaambia mawifi. Mama mkwe akamleta shehe, nikaandikiwa kombe, nikanywa siku saba.

Mwezi wa nane akasema amezungumza na rafiki yake daktari, akaja na vidonge vya kutuliza mawazo kwenye kimfuko cha nailoni. Nameza kimoja kila usiku, ananiletea mwenyewe na glasi ya maji. Nalala vizuri.

Sasa lililonifanya niandike. Jumanne moja, saa kumi jioni, kijana mwenye shati jeupe aligonga geti. Mwanafunzi wangu wa cherehani akamfungulia. Akanipa bahasha ya kaki, akanisainisha kwenye daftari lake, akapanda bodaboda akaondoka. Ndani kuna barua ya wakopeshaji: mkopo wa shilingi milioni 28, dhamana ni nyumba tunayokaa, marejesho ya miezi minne hayajalipwa. Nyuma ya barua kuna kopi ya fomu ya ridhaa ya mke. Jina langu kamili, namba yangu ya NIDA, saini, muhuri wa wakili, na picha ya pasipoti.

Picha si yangu.

Kopi yenyewe nyeusi, unazijua kopi za steshenari wino ukiwa unaisha. Sura imefifia, unaona macho na mdomo tu, na mtandio ameuachia mabegani. Lakini mimi ni fundi, naangalia shingo kabla ya sura. Gauni lina shingo ya V iliyokatwa chini, imezungushiwa utepe mweupe, na kwenye ncha ya V kuna kipembe kidogo kimegeuzwa kwa ndani. Mimi nina kovu la uji wa moto tangu nina miaka minne, linaanzia chini ya koo linashuka kifuani. Shingo ya V sijaivaa maisha yangu yote. Hata gauni la ndoa nililifunga mpaka kooni.

Alirudi saa mbili usiku. Nikamwekea karatasi mezani. Hakushtuka. Alikaa, akavuta pumzi, akasema: "Tulikwenda wote kwa wakili, mwezi wa tisa. Ulivaa lile gauni la kijani. Umesahau?" Nikamwambia huyu si mimi. Akaimulika kopi kwa tochi ya simu, akaniuliza taratibu: "Hata sura yako umeisahau?"

Shangazi, nilikwenda kwenye kioo. Nilisimama na ile karatasi nikilinganisha. Na baada ya muda, sijui dakika ngapi, nikaanza kuona kweli tunafanana.

Nikameza kidonge, nikalala.

Asubuhi bahasha haipo. Nikamuuliza, akaniuliza bahasha gani. Akasema jana hakuja mtu, hatukuzungumza chochote, nililala saa moja, na daktari alishasema zile dawa zinaleta ndoto. Akampigia mama yangu simu mbele yangu: "Mama, leo hali si nzuri."

Nilikaa kwenye cherehani kama zezeta. Mpaka mwanafunzi wangu alipoingia akaniuliza, "Dada, yule kaka wa bahasha jana alikuwa anadai nini?" Nilimkumbatia yule mtoto, akadhani nimefiwa.

Nikaanza kupekua daftari la oda. Mwezi wa saba mwaka jana: gauni la kijani, shingo V, utepe mweupe, kifua 38, kiuno 31, nyonga 42, urefu 56. Huyo mteja aliletwa na mume wangu mwenyewe, "mke wa rafiki yangu wa dukani". Gauni nililishona mimi. Kile kipembe cha ndani ni changu, sijaona fundi mwingine anayekigeuza vile.

Na tarehe ya fomu niliisoma mara mbili, tarehe 14 mwezi wa tisa. Daftari linasema siku hiyo nilikuwa Morogoro nimepeleka sare 12 za harusi, nikalala kwa dada. Tiketi ya basi ipo, nimeibana kwa pini ukurasani. Usiku ule vidonge nilivisahau nyumbani, na mpaka leo nakumbuka maneno yote aliyonisimulia dada tukiwa jikoni.

Na mimi si malaika. Nina kikoba, nimeweka milioni 3 na laki 4, naye hajui. Nawaza labda ndiyo malipo yangu.

Je, nina wazimu? Nimuulize tena? Nimpigie yule mwanamke? Namba yake ninayo daftarini.

Fundi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ipange foleni. Nilimjibu mwenyewe siku ileile, kwa mkono wa yule mwanafunzi wake. Leo nalichapa jibu kama nilivyomwandikia, kwa ruhusa yake, vitu viwili vitatu nimevibadilisha, na yuko mahali ambapo bwana akilisoma gazeti hili halitamdhuru.

Nianze na la vidonge, kwa sababu wewe umelipitia kwa mistari miwili, mimi ndipo nilipoiweka miwani chini.

Dawa imekuja kwenye kimfuko kisicho na jina la dawa, jina lako, wala jina la hospitali. Daktari aliyeiandika hajawahi kukupima hata presha. Anayeishika ni mumeo, anayekupa ni mumeo, na yeye ndiye anayekueleza asubuhi kwamba zinaleta ndoto. Zipo dawa za usingizi na wasiwasi, za jamii ya diazepam, ambazo mtu akimeza yale yanayofuata hayakai kichwani. Anaongea, anatembea, kesho hana habari. Daktari akimwandikia mgonjwa anayezihitaji, kwa kipimo na kwa muda maalumu, ni tiba. Kwenye kimfuko cha nailoni ni jambo jingine. Na wewe mwenyewe umenipa jibu bila kujua: usiku mmoja uliokosa kidonge ndio unaoukumbuka maneno yote.

Chukua vidonge viwili, vitie kwenye lile kopo la vifungo, chini kabisa. Kimoja nenda nacho hospitali ya serikali ukamwonyeshe daktari, umwambie umemeza kwa miezi mingapi. Usiviache ghafla kwa hasira. Dawa za namna hiyo mtu aliyezizoea akizikata siku moja anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kupata degedege. Daktari atakuambia namna ya kupunguza. Cha pili kibaki. Jambo likifika polisi, wao ndio wanaopeleka vitu kama hivyo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa swali lako. Mimi si daktari, lakini mtu aliyepotewa na akili hawezi kutambua mshono wake kwenye kopi nyeusi ya steshenari. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakujua atatokea fundi wa kukiona kwenye ncha ya V.

Na tumsikilize yeye kwa maneno yake mwenyewe. Usiku alisema mlikwenda wote kwa wakili, ulisaini, umesahau. Asubuhi akasema hakuna barua, hakuja mtu, hamkuzungumza. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Kama mlikwenda kwa wakili, bahasha ilikuwepo. Kama bahasha haikuwepo, lile gauni la kijani alilitaja kwa lipi? Wewe ulikuwa umelemewa na dawa hukuliona hilo, naye kwa kukuzoea hakujisumbua hata kupatanisha uongo wake.

Kinachonitisha zaidi ya milioni 28 ni kalenda. Funguo ziliingia friji mwezi wa tatu. Fomu ni ya mwezi wa tisa. Huyu alilima nusu mwaka kabla ya kupanda. Mwenye deni la kawaida anaficha karatasi tu, siku ikijulikana anapiga magoti. Mumeo alikwenda mbali zaidi. Alijua ipo siku utasema "sikusaini", akaandaa mapema watu wa kutokukuamini: mama yako, mawifi, mama mkwe, shehe na kombe lake, na mwisho wewe mwenyewe mbele ya kioo. Kila aliposema "lile tatizo la mama watoto" alikuwa anaandikisha shahidi. Ndiyo maana hagombi. Majirani wakimuuliza watasema mume mzuri yule, anauguza mke.

Pesa zimekwenda wapi ni jambo la baadaye. Inaweza kuwa mikeka ya kubeti, inaweza kuwa duka limekufa akaanza na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, akakopa huku alipe kule. Inaweza kuwa huyo wa kifua 38. Nimeona barua za kila aina kwenye meza hii, na wanawake wengi wanataka kwanza kujua ni nani. Wewe jua kwanza ni nyumba ya nani.

Kwa hiyo, nyumba. Hata kama hati ina jina lake peke yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inakutambua wewe kuwa mwenye maslahi unayeweza kuweka zuio. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila ridhaa hiyo, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchunguza kama mkopaji ana mwenza. Ndiyo sababu mumeo alihitaji mwanamke wa kukaa kwenye kiti chako kwa wakili. Sheria ilikuwa imekuwekea mlango, akaenda kuazima sura ya mtu wa kuufungua.

Kughushi saini ni jinai. Lakini nakuomba hatua ya kwanza isiwe polisi wala isiwe kwake, iwe kwa mwanasheria. Hapo Dar es Salaam wapo TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wapo WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, wanawasaidia wanawake wasio na pesa ya wakili. Atawaandikia wakopeshaji kwamba ile saini unaikana na picha si yako, na ataomba zuio kwa msajili wa hati kabla dalali hajaja na kipaza sauti. Nenda na cheti cha ndoa. Kama nacho kimekwisha "potea", mwambie mwanasheria mapema, nakala zinatafutwa.

Jambo jingine dogo. Siku simu ikiwa mkononi mwako, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mtu aliyeipata namba yako ya kitambulisho kwa ajili ya fomu anaweza kuwa ameitumia kusajili laini, na laini hukopa. Ukikuta namba usiyoijua, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Hayo ya kikoba umeyaandika kama mtu anayetubu. Acha. Sheria hiyohiyo ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, na dini yako ilishasema zamani kwamba mali ya mke ni ya mke. Ningekulaumu kama ungekuwa umemwambia mumeo kwamba kikoba hakipo na yeye ndiye aliyekiota. Hukufanya hivyo. Ulinyamaza juu ya jasho lako. Hizo milioni 3 na laki 4 ndizo nauli na kodi ya chumba ukilazimika kutoka. Zisiguswe, na usimwambie sasa hivi kwa kutaka kusafisha moyo.

Kumuuliza tena? Hapana. Najua unachotafuta. Unataka akae chini aseme "ni kweli, nilikudanganya, wewe ni mzima". Unataka akurudishie akili yako kwa mkono uleule ulioichukua. Hatakupa, na kila ukimuuliza unampa nafasi ya kukutia shaka upya, na kujua umefika wapi. Kwa sasa kuwa mjinga wake. Akisema unazeeka, cheka kama ulivyocheka siku ya friji. Akileta glasi ya maji, fuata alivyokuambia daktari, si alivyokuambia yeye. Akibadilika, akianza kukuzuia kutoka, akakufungia ndani au akanyanyua mkono, hapo usisubiri mwanasheria. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na watoto wako.

Yule mwanamke muache kabisa. Nimeona umeniandikia namba ipo daftarini na nimeona mkono wako unavyowasha. Inawezekana ni hawara. Inawezekana pia ni mtu aliyepewa laki moja akaambiwa "kaa hapa, mke wangu anaumwa, ni saini tu". Ukimpigia leo, jioni mumeo anajua. Akiitwa na upelelezi kesho, ni shahidi ambaye hajaandaliwa. Vipimo vyake unavyo kwa mwandiko wako, na gauni lipo mahali fulani linaning'inia kabatini. Hilo gauni naliombea lisitolewe sadaka.

Umebaki mtihani wa mama yako. Usimwambie kwa simu, na usianze na mumeo, maana atajibu kama alivyofundishwa, "pole mwanangu, umekunywa dawa?" Mtume dada wa Morogoro. Yeye ulilala kwake tarehe 14, hahitaji kuamini, anajua. Akae na mama amuulize swali moja tu: kama mwanao alikuwa jikoni kwangu, kwa wakili Dar es Salaam alikaa nani? Mama akilitafuna hilo usiku mmoja, mengine atayauliza mwenyewe. Na akilia, akisema amekukosea, usimharakishe kumsamehe wala kumlaumu. Amedanganywa na fundi mwenzio, wa namna nyingine.

Baraza la usuluhishi, talaka, mgawanyo wa mali, hayo yana siku yake. Wako watakaokutisha kwamba huna chako kwa sababu hati ina jina la mume. Tangu mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sembuse wewe uliyeshona usiku na mchana.

Cha leo ni daftari. Ukurasa wa gauni la kijani na ukurasa wa Morogoro wenye tiketi. Azima simu ya mwanafunzi wako, usitumie yako, mpige picha zote mbili, tarehe zionekane, mzitume kwa dada. Kisha mfute, na mfungue lile kapu la picha zilizofutwa mzitoe na humo. Daftari lenyewe lirudishe palepale lilipokuwa, likielekea upande uleule, kabla hajafunga duka.